Choo cha Mkaza Mwana

Twaiba alikuwa na mkono mwepesi wa kisu. Katika jiko la hoteli moja huko Galu, kazi yake ilikuwa kukata kachumbari. Nyanya, vitunguu, matango na pilipili zilipita mikononi mwake kila asubuhi, zikatoka nyembamba kama karatasi. Wenzake walimtania.

"Twaiba, kitunguu chako mtu anaweza kukitazamia mwezi!"

Nyumbani kwake kulikuwa Kinondo, mwendo mfupi kutoka hotelini. Aliondoka mapema, baada ya kuwapikia uji watoto wake wawili. Hafsa alikuwa na miaka saba, akisoma darasa la pili. Amin alikuwa na miaka minne, akishinda uani na babu yake. Mume wake, Chande, alikuwa mkwezi. Alikwea minazi ya watu na kuangua nazi. Baba yake Chande, babu wa watoto, aliitwa Mzee Shutu. Zamani alikuwa fundi wa visima, na visima vingi vya Kinondo vilichimbwa kwa mkono wake. Lakini siku hizi alichoka upesi. Akitoka msikitini, alipumzika mara mbili njiani kabla ya kufika nyumbani.

Kila baada ya miezi sita, wafanyakazi wote wa jikoni walipimwa choo kikubwa. Aliyekuwa salama alipewa cheti cha afya. Asiye na cheti hakuruhusiwa kugusa chakula cha wageni.

Mwezi wa Januari, Twaiba alipimwa akakutwa na mayai ya minyoo. Alimeza dawa, akapimwa tena, akapewa cheti. Alidhani mambo yamekwisha.

Mwezi wa Julai, msimamizi wa jiko, Bwana Kombe, alimwita pembeni. Mkononi alishika karatasi.

"Twaiba, kaa kitako."

"Kuna nini, Bwana Kombe?"

"Minyoo tena."

Aibu ilimpanda Twaiba mpaka masikioni. "Haiwezekani. Mimi hapa nanawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Wewe mwenyewe unaniona."

"Nakuona. Hakuna anayenawa kukushinda." Bwana Kombe aliikunja ile karatasi taratibu. "Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili, najua kuna mahali panavuja. Na si hapa jikoni. Nenda nyumbani wiki tatu. Meza dawa, upimwe, urudi. Lakini Januari tutapima tena. Ukikutwa mara ya tatu, hata mimi sitaweza kukutetea."

Twaiba alivua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Njia nzima hakuinua macho.

Chande aliposikia habari hizo, hakuona tatizo kubwa.

"Si umeze dawa tu, Mama Hafsa? Mara ile ulimeza ukapona."

"Nilipona, nikaugua tena. Nikimeza leo, Januari itakuwaje? Nataka kujua wanatoka wapi hawa minyoo. Na nitajua."

Asubuhi ya pili alikwenda kumwita Mama Jumwa, mhudumu wa afya wa kijiji. Mama Jumwa alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkoba wa bluu ambao haukumtoka begani. Alimsikiliza Twaiba mpaka mwisho, kisha akasema, "Nionyeshe mnapopika, mnaponawa, na mnapokwenda haja."

Jikoni palikuwa safi. Pa kunawia palikuwa na beseni moja, maji yale yale kwa watu wote. Mama Jumwa aliinama akalitazama lile beseni.

"Na haja?"

Twaiba alielekeza macho nyuma ya nyumba, kwenye vichaka vilivyokuwa chini ya minazi. "Tulikuwa na choo, dada. Kiliporomoka wakati wa mvua. Tukachimba kingine, nacho kikaporomoka. Mbuzi wa jirani alitumbukia. Udongo wetu ni mchanga mtupu. Chande akasema cha tatu hachimbi."

"Na huyu mdogo?"

"Amin? Huyu hujisaidia hapo hapo pembeni ya ua. Si mtoto tu? Choo cha mtoto kina ubaya gani?"

Wakati huo Amin alikuwa akitafuna kipande cha muhogo mbichi. Kilimponyoka, kikaanguka mchangani. Alikiokota, akakipangusa kwenye shati, akakirudisha kinywani.

Mama Jumwa akamshika Twaiba mkono. "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi keti nikueleze. Mnyoo wako anaishi tumboni. Jike lake hutaga mayai mengi mno, maelfu kwa maelfu kila siku. Mayai hayo hutoka na choo. Mtu akijisaidia kichakani, mayai hubaki mchangani. Mvua huyasambaza, na kuku huyachakura. Yakikaa wiki mbili tatu hukomaa, kisha hukaa mchangani miezi, hata miaka, yakingoja mtu. Ni madogo, huyaoni kwa macho. Yanaingia kwenye kucha za mtoto. Yanashika muhogo ulioanguka. Yanashika mboga isiyooshwa vizuri. Ukiyala, yanaanguliwa tumboni, na safari inaanza upya."

"Hata choo cha mtoto?"

"Hasa cha mtoto, dada. Tumbo lake limejaa minyoo kuliko lako. Wewe unanawa hotelini, halafu unarudi hapa unakula na mwanao sahani moja."

Twaiba alimtazama Amin. Tumbo la mtoto lilikuwa limejitokeza mbele, na miguu yake ilikuwa myembamba. Siku zote alisema ni tumbo la uji.

"Dada, tupime sote," alisema. "Nyumba nzima."

Mama Jumwa alitoa vikopo vitano kwenye mkoba wake. Watoto hawakuwa na shida. Chande alinung'unika, lakini alikubali. Mzee Shutu ndiye aliyekataa.

"Mimi?" alisema kwa hasira. "Umri huu, choo changu kikatazamwe na watoto wa juzi?"

Mkaza mwana hawezi kujibizana na mkwewe juu ya jambo kama hilo. Lakini Mama Jumwa alimkaribia mzee, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, niruhusu niangalie jicho lako." Alivuta kope ya chini kidogo. Ndani palikuwa peupe, pasipo wekundu wa damu. "Tangu lini unapumzika njiani ukitoka msikitini?"

Mzee Shutu aligeuza uso. "Ni uzee," alisema.

"Huenda ni uzee. Huenda ni safura. Uzee hauna dawa, baba. Safura inayo."

Mzee akanyoosha mkono, akapokea kikopo bila kumtazama mtu.

Majibu ya zahanati yalikuja baada ya siku mbili. Twaiba, Hafsa na Amin walikuwa na minyoo mikubwa ya tumbo. Chande na baba yake walikuwa na safura.

"Safura ni minyoo midogo inayong'ata utumbo na kunyonya damu," Mama Jumwa alieleza. "Yenyewe haingoji kuliwa. Vijidudu vyake hutoka mayaini, hukaa kwenye mchanga wenye unyevu, kisha hutoboa ngozi ya mguu. Nyinyi wawili mnatembea peku, mnakwenda kichakani peku. Ndiyo njia yake."

Watu wote watano walipewa dawa siku moja. Mzee Shutu alipewa pia vidonge vya kuongeza damu.

"Dawa hii inawaua waliomo tumboni," Mama Jumwa alisema, akifunga mkoba. "Walio mchangani haiwagusi. Bila choo, mtakutana nami kila mwaka."

Jioni hiyo Twaiba alimkabili mumewe.

"Chande, tuchimbe choo."

"Kitaporomoka."

"Tutatafuta njia."

Chande alishusha sauti. "Na kuna jambo jingine. Unalijua. Baba hawezi kuingia choo anachoingia mkaza mwanawe. Hata kile cha kwanza hakukiingia hata siku moja. Alikwenda kichakani vile vile. Tutachimba cha nani?"

Twaiba alilijua hilo. Kwao pia, babu yake hakuthubutu hata kupita karibu na choo cha wakaza mwana. Ni heshima ya zamani, na hakutaka kuivunja. Lakini alikumbuka ule muhogo mchangani. Alilala ameamua.

Asubuhi iliyofuata, Chande alikwenda kukwea. Twaiba alifunga leso kiunoni, akachukua jembe na chepe, akaanza kuchimba nyuma ya jiko. Jua lilipanda, naye alichimba. Jirani yao, Waziri, alisimama kwenye ua akacheka.

"Loo! Mke wa Chande, unachimba kaburi la nani?"

"La minyoo," Twaiba alijibu, wala hakuinua kichwa.

Kufika saa tano shimo lilimfika kiunoni. Lakini kila akitupa chepe mbili za mchanga nje, moja ilirudi ndani. Mzee Shutu alikuwa ameketi barazani, akimtazama. Alikohoa. Akahama upande. Mwishowe alimwita mjukuu wake.

"Amin! Mwambie mamako, hapo alipo hapajatimia hata hatua ishirini kutoka kisimani. Tutakuja kuchota nini?"

Amin alikimbia mpaka shimoni. "Mama, babu anauliza tutachota nini."

"Mwambie babu, basi anionyeshe pa kuchimba."

Amin alirudi mbio. Mzee alitikisa kichwa. "Mwambie mamako, mimi sichimbi choo cha mkaza mwana."

"Mama, babu hachimbi."

"Mwambie babu, sikumwomba achimbe. Nimemwomba anionyeshe."

Twaiba akaendelea kuchimba. Alikuwa ameinama, akikwangua ukuta wa shimo, ukuta ule ulipolegea wote kwa pamoja. Mchanga ulimmiminikia, ukamzika mpaka mapajani. Alijaribu kutoa mguu, haukutoka.

"Tulia!" Sauti ya Mzee Shutu ilipasua ua mzima. "Usivute mguu! Tulia, mwanangu!"

Alikuwa ameshafika. Twaiba hakujua alifikaje upesi namna ile. Mzee alilala kifudifudi ukingoni, akautoa mchanga kwa mikono yake miwili, taratibu, upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili. Alihema kwa nguvu. Mguu mmoja ukatoka. Kisha wa pili. Akampa mkono, Twaiba akapanda juu.

Wote wawili walikaa chini wakitweta.

"Mchanga hauchezewi," alisema. Sasa hakumtuma Amin. Alimwambia Twaiba mwenyewe. "Mwenzangu, fundi kama mimi, alifunikwa na mchanga wa namna hii. Tulimtoa, lakini tulimtoa maiti. Ndiyo sababu niliacha kazi. Si uzee. Watu hudhani ni uzee."

Twaiba alitazama chini. "Nisamehe, baba. Nimekutia hofu."

"Kwa nini hukumngoja mumeo?"

"Kwa sababu mume wangu anakungoja wewe, baba. Nami sina muda wa kungoja. Kazi yangu inaondoka. Amin ana tumbo limejaa minyoo. Heshima yako naijua, wala siivunji. Kila mtu atakuwa na chake. Lakini kichaka unachokwenda wewe, baba, ndicho anachochezea mjukuu wako."

Mzee Shutu alikung'uta mchanga kwenye ndevu. Alitazama vile vichaka, kisha akamtazama Amin aliyesimama peku kando yao.

"Vyoo viwili," alisema.

"Viwili, baba."

"Mlango wa changu usitazame nyumba yenu."

"Hautatazama."

"Wala mtu akichutama asielekee kibla. Wala asikipe mgongo."

"Wewe ndiye utakayepima, baba."

Mzee alisimama, akaanza kuhesabu hatua kutoka kisimani kuelekea chini, ambako maji ya mvua huteremkia. Alizipita arobaini. Alipofika hamsini alichomeka kijiti.

Chande aliporudi mchana, alimkuta baba yake juani, ameshika kamba, akichora duara mchangani.

"Baba?"

"Umechelewa. Shika kamba hapo."

Kazi ilianza kesho yake. Mzee Shutu alikuwa na njia yake ya kuchimba mahali penye mchanga, njia aliyoitumia kwenye visima. Kwanza alitengeneza duara la mbao ngumu, akalilaza chini. Juu ya mbao akapanga mawe ya matumbawe, mzunguko mmoja juu ya mwingine. Mawe yaliyobaki kwenye gofu la nyumba ya marehemu ndugu yake yalitosha. Kisha Chande aliingia ndani ya duara, akachimba chini ya mbao. Ukuta wote ukashuka polepole pamoja na shimo. Ukishuka, mzee aliongeza mawe juu.

"Kwa hiyo ukuta unatangulia, shimo linafuata," alisema Twaiba kwa mshangao.

"Ndiyo. Mchanga ukija, unakuta mlango umefungwa. Chini unaacha mianya kati ya mawe, ili maji yanywewe na ardhi. Juu unaziba kwa saruji."

Walipofika pima mbili, kina cha watu wawili, mzee aliwasimamisha. "Basi. Tukiendelea tutayafuata maji, na maji hayo ndiyo tunayokunywa."

Choo cha kwanza kiliwachukua siku tisa. Walimwaga sakafu ya zege, wakatengeneza kifuniko cha mbao chenye mpini. Kuta zilikuwa za makuti. Choo cha pili kilikuwa chembamba, umbali wa hatua chache, kimetazama upande mwingine. Hicho Mzee Shutu alikipangia kila jiwe mwenyewe. Alipumzika mara nyingi, lakini hakukubali Chande amalizie.

Mama Jumwa alikuja kuwaonyesha jinsi ya kutundika dumu dogo lililotobolewa kando ya mlango. Ukikanyaga kijiti kilichofungwa kamba, dumu huinama na maji humiminika. Mkono hauligusi. Sabuni ilining'inizwa hapo hapo. Amin aliogopa tundu la choo, basi Twaiba alimpa chungu chake cha kujisaidia, na kila alipojisaidia walikwenda wote kumwaga chooni. Kucha za watoto zilikatwa kila Ijumaa. Muhogo na matunda vilioshwa kwa maji safi kabla ya kuliwa. Na watu wote walivaa ndala, hata Mzee Shutu, ambaye wiki nzima alilalamika kwamba zinampiga kisigino.

Wiki tatu zilipotimia, Twaiba alipimwa, akarudi kazini. Bwana Kombe alimkabidhi kisu chake. "Januari," alisema tu.

"Januari," Twaiba alijibu.

Miezi ilikwenda. Mvua za vuli zilinyesha siku tatu mfululizo. Twaiba alitoka kwenda kutazama choo. Sakafu ilikuwa mahali pake, haina hata ufa. Tumbo la Amin lilipungua, mashavu yake yakajaa. Hafsa, aliyezoea kusinzia darasani, alishika nafasi ya nne. Mwalimu wake aliuliza nyumbani wanampa nini. Naye Mzee Shutu, baada ya dawa na vidonge vya damu, alitoka msikitini siku moja akafika nyumbani bila kupumzika. Hakumwambia mtu. Ni Hafsa aliyekuwa akimhesabia.

Januari ilifika. Twaiba alipeleka kikopo chake kama wengine. Siku ya majibu alikata vitunguu vinene vya ajabu, na hakuna aliyethubutu kumtania. Saa nne Bwana Kombe aliingia na bahasha. Aliwagawia mmoja mmoja. Ya Twaiba ilikuwa ya mwisho.

Aliifungua kwa ncha ya kisu. Alisoma. Akasoma tena, akifuata kila neno kwa kidole. Mayai ya minyoo, hakuna. Chini yake palikuwa na muhuri.

"Umeziba panapovuja," alisema Bwana Kombe.

"Tumeziba," alisema Twaiba. Alicheka, na machozi yakamtoka, na safari hii hakikuwa kitunguu.

Jioni alimpa Mzee Shutu cheti akishike. Mzee hakujua kusoma, lakini alikitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya muhuri.

Walikuwa bado barazani Waziri alipobisha hodi. Hakuwa akicheka. Alisimama kwenye ua akikuna kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, Waziri."

"Mzee, nimekuja kwa jambo la aibu kidogo. Mama Jumwa alipita kwangu, akapima watoto. Wote wana minyoo. Sasa mke wangu amechukua jembe tangu mchana. Anachimba. Nimemwambia angoje, hasikii. Anasema mke wa Chande hakungoja."

Mzee Shutu alikuwa ameshaanza kutafuta ndala zake chini ya kiti.

"Amefika wapi?"

"Magotini."

"Kimbia umwambie atoke shimoni sasa hivi, na asirudi humo mpaka nifike. Chande, chukua kamba. Twaiba, mwanangu, nawe twende. Mkewe atakusikiliza wewe."